Rangi tatu tu? Je wazee wetu walikuwa hawaioni buluu?

Swali: Mwalimu shikamoo. Mi fundi cherehani, nimesikia Kiswahili kina rangi tatu tu za asili, nyeupe nyeusi na nyekundu. Ina maana wazee walikuwa hawaioni buluu? Lugha inaweza kweli kubadilisha kile jicho linaona?

Jibu: Marahaba dada. Walikuwa wanaiona vizuri tu, bahari hiyo hapo kila siku. Hiyo ya rangi tatu ni kweli ila ni habari ya sarufi sio ya macho. Chukua hilo gauni mezani kwako, utasema gauni jeupe, jeusi, jekundu, neno linafuata ngeli, sasa jaribu buluu, hakuna gauni "jibuluu", ni gauni la buluu, la kijani, la zambarau, mana hayo tumeazima kwenye vitu, kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, manjano ni ile ile ya jikoni, na buluu ni neno la kukopa kabisa. Na hatuko peke yetu, mwaka 1969 watafiti wawili, Berlin na Kay, walionyesha kwamba lugha ikiwa na maneno matatu tu ya msingi ya rangi, kwa kawaida yanakuwa ni hayo hayo matatu.

Sasa swali lako la pili ndo tamu. Warusi hawana buluu moja, wana siniy iliyoiva na goluboy iliyopauka, kwao ni rangi mbili kama sisi na nyekundu na pinki. Kuna jaribio lilitoka 2007, watu wanaonyeshwa vipande vya buluu wachague vinavyofanana, Warusi wakawa wepesi zaidi pale vipande vikiangukia majina mawili tofauti, wasemaji wa Kiingereza hawakuwa hivyo. Alafu wakaambiwa wakariri tarakimu kimoyomoyo huku wanachagua, ule wepesi ukapotea! Yani jicho ni lile lile, ila neno linausaidia ubongo kupanga haraka, ukilishughulisha neno kwa kazi nyingine msaada unakatika.

Ndo mana wewe ukiambiwa damu ya mzee unajua moja kwa moja ni robota gani la kushusha, mtu asiye na hilo neno anaiona vizuri tu ila atakwambia nyekundu nyekundu hivi, iliyokolea, sio ile, ile nyingine. Kwa hiyo mteja akikupigia simu anataka "buluu" usikate kitambaa dada, mwambie alete kipande.