Sumaku haitakusaidia: kwa wadogo zangu mnaoanza kufunga mzigo China

Wiki iliyopita nilikuwa Lanshi, pale Foshan kwenye soko la stenlesi, nikamwona kijana wa kwetu amesimama mbele ya lundo la mabomba. Nilimtambua kwa simu aliyokuwa anaongea: "Kaka, subiri kidogo, nacheki." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa sumaku ndogo, ile ya kubandika kwenye friji, akaigusisha kwenye bomba. Ikateleza, ikadondoka chini. Akamwambia wa kwenye simu, "Orijino kabisa, haivuti." Muuzaji alikuwa ameshaanza kuandika proforma, ile ankara ya awali.

Roho iliniuma. Nilimvuta pembeni tukanywa chai, na usiku ule niliporudi Xiaobei, mtaa wetu Waafrika pale Guangzhou, nikaona niyaandike haya, maana ni kijana wa nne mwaka huu ninayemkuta na sumaku. Nawapenda, na kujituma kwenu nakuona. Ila kuna makosa ambayo sisi tulishayalipia kwa fedha taslimu, na sioni sababu ya ninyi kuyalipia upya.

1. Uliza malighafi kwanza, bei baadaye.

Kila anayefika hapa neno lake la kwanza ni bei gani. Mchina atakupa bei yoyote unayoitaka, kwa sababu ana bidhaa ya kila bei. Ukitaka reli ya ngazi ya yuani 20 ipo, ya 35 ipo, ya 60 ipo, na zote zinang'aa sawasawa dukani. Kinachozitenganisha kimo ndani ya chuma chenyewe. Stenlesi tunayoiita 304 ina kromu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8. Ile 201 imepunguziwa nikeli ikabaki kama asilimia 4 au 5, na pengo likazibwa kwa manganisi. Nikeli ndiyo ghali. Kwa hiyo ukitaka kujua bei ya bomba la Foshan, angalia kwanza nikeli inakwendaje.

Na nikeli kwa sasa ni habari ya Indonesia. Tarehe 1 Januari 2020 Indonesia ilizuia kusafirisha nje mawe ghafi ya nikeli, ikawaambia wenye viwanda: mnayataka, njooni myayeyushie hapa. Wachina wakaenda, wakajenga tanuru Morowali, kule Sulawesi, na leo zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia inachimbwa Indonesia. Umoja wa Ulaya uliishtaki kwenye Shirika la Biashara Duniani, ukashinda mwaka 2022, Indonesia ikakata rufaa na zuio likabaki pale pale. Sisi tuliofunga makinikia yasitoke mwaka 2017 lugha hii tunaielewa vizuri. Kijana wa Kariakoo anayeuza masinki hawezi kusema mambo ya Indonesia hayamhusu. Waziri wa Jakarta akisaini karatasi, sinki lako limeshabadilika bei.

2. Sumaku.

Hapa mnivumilie, nitakaa kidogo.

Mwaka 2022 mipaka ya China ilikuwa bado imefungwa kwa ajili ya korona. Mimi nilikuwa Dar, nafanya kazi kwa WeChat kama kila mtu. Mzee mmoja mwenye hoteli pwani ya mashariki ya Unguja alinipa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata: reli za ngazi, za balkoni na za kuzunguka bwawa, zote za stenlesi. Alinipokea kwake, akanilisha, akaniita mwanangu. Alisema, "Nataka kitu kitakachotuzika sisi, kisipendeze leo kikatuaibisha kesho." Nikamwahidi 304. Hata ahadi hiyo ilikuwa na kosa, nitaeleza mbele.

Nilikuwa na wauzaji watatu. Mwanzoni mwa Machi bei ya nikeli ilianza kupanda kwa sababu ya vita vya Ukraine, na tarehe 8 Machi ikapita dola 100,000 kwa tani kwenye soko la London. Soko lenyewe likasimamisha biashara ya nikeli, likafuta na mauzo ya siku ile. Wauzaji wangu wawili waliniandikia asubuhi ileile: leo hatuna bei, subiri. Wa tatu akaniandikia: rafiki, bei yetu ni ileile, tuna stoki ya zamani.

Wadogo zangu, nilifurahi. Niliwaza kwamba nimepata mtu mwaminifu katikati ya wahuni. Nikamwomba video ya kuhakikisha. Akanitumia sekunde kama 20 hivi: mkono, bomba, sumaku, sumaku inadondoka. Nikamwomba cheti cha kiwanda, akaleta, nikeli imeandikwa 8.05. Nikatuma malipo ya awali asilimia 30, na mzigo ulipopakiwa nikamalizia 70.

Sasa sikilizeni, maana hili ndilo nililokuwa namweleza yule kijana wa Lanshi. Sumaku haivuti 304. Lakini 201 nayo haivuti! Sumaku inakamata 430, ile isiyo na nikeli kabisa, inayotengenezewa vitu vya jikoni vya bei ya chini. Kati ya 201 na 304 sumaku haina la kukuambia. Tena 304 ya kweli ikikunjwa au kuvutwa sana kiwandani inaweza kushika sumaku kidogo, kwa hiyo unaweza kuikataa nzuri ukachukua mbaya, na sumaku mkononi. Muuzaji anayekuonyesha sumaku anajua hayo yote. Na cheti? Cheti kilikuwa cha kweli, ila cha koili nyingine, yaani roli nyingine ya chuma. Kila cheti kina namba ya mkupuo wa kuyeyushia chuma, na namba ile lazima uikute kwenye lebo ya mzigo wako. Mimi nilisoma nikeli 8.05, namba ya mkupuo sikuitazama.

Kontena lilifika, mafundi wakafunga, hoteli ikapendeza. Mzee akanilipa yote bila kunizungusha. Kusi lilikuwa linavuma bado, chumvi inapanda hadi ghorofa ya pili. Mwezi wa 12 akanipigia, sauti ya kawaida kabisa, akasema njoo unisalimie.

Nilifika alasiri. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe. Hakuniambia kitu. Alikwenda kwenye reli ya bwawani, akaweka mkono juu yake, akautembeza polepole kama mita moja, kisha akanionyesha mkono wa kanzu. Ulikuwa na mstari wa rangi ya chai. Nilipoinama kutazama, kwenye viungio vya kulehemu kulikuwa na vidoa vya kahawia vimejipanga kama kunguni kwenye mshono wa godoro, na vingine vilishaanza kuchimba. Akasema, "Mwanangu, watoto wa wageni wanashika hapa." Basi.

Sikuwa na pa kujificha. Nilikata kipande, nikakipeleka kupimwa kwa ile bunduki ya eksirei inayosoma kilichomo ndani ya chuma. Nikeli haikufika hata 4. Yule muuzaji kwenye WeChat alikuwa amebadilisha jina na picha, ujumbe hauendi. Nikauza kiwanja changu cha Kigamboni, nikaagiza upya kila kitu. Na hapo ndipo nilipojifunza lile kosa la ahadi: kwa bwawa linalotazama bahari wazi, hata 304 ingetoa madoa, polepole tu. Pale panataka 316, yenye molibdeni asilimia 2 hadi 3, inayostahimili chumvi. Mzee alinilipia mafundi yeye mwenyewe, na mimi sikumwomba. Namwombea umri mrefu.

Kipande kile cha reli ninacho kwenye begi hadi leo. Ndicho nilichomwekea kijana wa Lanshi mezani, karibu na kikombe cha chai.

Cha kufanya ni hiki. Nunua chupa ya dawa ya kupimia stenlesi, inauzwa palepale Lanshi, na betri ya volti 9. Sugua bomba kwa msasa, weka tone, gusisha betri. Kwenye 201 tone linageuka jekundu ndani ya sekunde chache. Kwenye 304 halina haraka hiyo. Ya 316 ina dawa yake. Fanya mwenyewe, kwa bomba unalochagua wewe katikati ya lundo.

Na mkumbuke mwezi ule wa Machi. Malighafi ikipaa na bei ya muuzaji wako isitikisike, kuna kitu ndani ya bomba kimetikisika.

3. Soma matangazo ya Wizara ya Fedha ya China.

Najua mnaona ni mambo ya wasomi. Haya. Kiwanda cha China kikiuza nje, serikali inakirudishia VAT, kodi ya ongezeko la thamani, yote au sehemu, na kwa bidhaa nyingi marejesho hayo yanafika asilimia 13. Bei ya FOB uliyopewa, yaani bei ya mzigo hadi upande meli kule China, tayari imehesabu fedha hizo. Serikali ikiyafuta, nani atafidia? Wewe.

Mei 2021 waliyafuta kwa bidhaa 146 za chuma, Agosti mwaka huohuo wakaongeza 23. Halafu tarehe 15 Novemba 2024 wakatangaza kwamba kuanzia 1 Desemba alumini na shaba nazo basi: shiti, foili, mabomba, baadhi ya profaili. Paneli za sola na betri wakazishusha kutoka 13 hadi 9. Hesabu siku hapo, ni wiki mbili. Na kinachoangaliwa ni tarehe ya kutoka iliyoandikwa kwenye tamko la forodha. Tarehe ya proforma yako haihesabiki. Dada mmoja wa Arusha, anayeuza madirisha, alikuwa ameshalipa awali mwezi wa 10, mzigo unasubiri rangi. Aliponipigia tarehe 20 Novemba nilimwambia: dada, achana na rangi ya mbao, chukua nyeupe iliyopo, mzigo utoke. Alinikasirikia, maana wateja wake walitaka rangi ya mbao. Akachukua nusu nyeupe ikatoka Novemba, nusu ikabaki. Ile nusu iliyobaki aliongezewa bei na hakuwa na la kubisha, kwa sababu mkataba wake haukusema chochote kuhusu marejesho.

Andikeni kwenye mkataba: sera ikibadilika, nani anabeba. Mstari mmoja tu.

4. Beba mizani.

Unene unaibiwa kuliko kitu kingine chochote. Dukani watakuuliza unataka kipimo kamili au kisicho kamili, na wasiojua wanachukua kisicho kamili kwa sababu ni rahisi. Bomba la milimita 50.8, unene 1.5, urefu mita 6, linapaswa kukaa kwenye kilo 11. Likisoma kilo 9, umeuziwa unene wa 1.2. Kwa mabati ni hivyohivyo, tena huko wanakupimia pamoja na rangi. Geji ya bati, yaani unene wake, ni chuma chake, rangi isihesabiwe.

5. Ya haraka haraka.

Weka oda ya mwisho mapema kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, kwa sababu wafanyakazi wakishaenda kwao hata mlinzi hamuoni. Namba ya HS, ile ya forodha inayoamua ushuru wa bidhaa, hakikisha na wakala wako wa Dar au Mombasa kabla ya kulipa, maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango cha ushuru cha asilimia 35 tangu Julai 2022, na tofauti ya tarakimu mbili inaweza kukupeleka huko. Cheti cha ubora wa bidhaa kinatafutwa kabla mzigo haujapanda meli. Usilipe kwenye akaunti ya mtu binafsi. Kula vizuri.

6. Tazama na majirani.

Aprili 2025 India iliweka ushuru wa muda wa asilimia 12 kwa baadhi ya chuma bapa kutoka nje, kwa siku 200. Kijana mmoja akaniambia, kaka, hiyo ni India, mimi nanunua Tianjin, huku China. Nikamuuliza: koili iliyokuwa iende Mumbai, sasa inakwenda wapi? Alifikiri, akaniangalia, akapiga simu kuahirisha oda yake ya jumla ili aombe bei upya. Nilifurahi sana siku ile. Huyu atafika mbali.

Na wale wa Tanzania, kontena zenu zisirudi tupu bila kufikiri: tangu 1 Desemba 2024 China imeondoa ushuru kwa bidhaa zote kutoka nchi maskini zaidi zenye uhusiano nayo, na Tanzania imo.

7. Jumamosi hii nakwenda tena Lanshi.

Yule kijana anakuja, amekubali kuahirisha malipo hadi tupime. Mwenye mzigo wa stenlesi aje na sampuli yake, saa tatu asubuhi, tuanzie kwa yule mama anayeuza uji wa mchele mlangoni. Njooni na msasa na betri. Dawa ninayo, chupa mbili.