Feni ya nje haizunguki mpaka uisukume kwa kijiti

Pole ndugu, umesema feni ya AC yako haizunguki bila kijiti na fundi anataka kukuongezea gesi. Kama kipande cha nje cha AC kinaunguruma, feni imekwama, na ukiisukuma kwa kijiti inazunguka, mshukiwa wa kwanza ni kapasita ya feni (kifaa kidogo kinachohifadhi chaji na kuisaidia mota kuanza kuzunguka), si gesi. Huyo fundi aliyetaka kukuongezea gesi mwambie asubiri. Gesi haiishi kama mkaa. Ikipungua kuna mahali inavuja, na AC nyingi mpya zina gesi aina ya R32, inayoweza kushika moto.

Na hicho kijiti acha, feni ikishika ghafla vidole havioti tena.

Zima swichi kuu, si rimoti tu, kisha pima na multimita (kipimo cha umeme) kwamba umeme haupo kweli. Hapo bado usishike kitu. Kapasita hubaki na chaji hata umeme ukiwa umezimwa. Mafundi wengi huigongesha ncha zake kwa bisibisi ili kuitoa chaji, mimi sikushauri: cheche inaruka na kapasita yenyewe inaharibika. Itoe chaji kwa balbu ya zamani ya waya, wati 60, yenye nyaya zilizofunikwa vizuri, ukizigusisha kwenye ncha za kapasita, kisha upime tena volti.

Ukiipima uwezo wake kwa maikrofaradi (kipimo cha kapasita), linganisha na namba iliyoandikwa ubavuni. Iliyoandikwa 2.5 ikisoma 1.4, imekwisha. Nunua yenye namba ileile ya maikrofaradi, na volti zisipungue za ile ya zamani.

Ila kama AC yako ni inveta (ile inayobadilisha kasi ya kompresa badala ya kuwaka na kuzima), usifungue. Bodi yake ya nje hubaki na volti zaidi ya 300, hiyo mwachie fundi anayeijua.