Msimwite kilaza, ubongo wake unaweza kubadilika

Wazazi huniletea mtoto wa darasa la tatu au la nne wakiwa wameshakata tamaa. "Mwalimu, huyu kichwa kizito. Akijua kuandika jina lake tu, inatosha." Mtoto mwenyewe amekaa hapo hapo, anasikia yote. Nafundisha tuisheni ya kusoma hapa Tanga, na kwanza kabisa huwa namtetea mtoto.

Simtetei kwa huruma tu. Mwaka 2009 Timothy Keller na Marcel Just wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti wa watoto wa miaka 8 hadi 10 waliokuwa wanasoma kwa shida. Watoto hao walifundishwa kwa saa 100 hivi ndani ya miezi sita, wakapigwa picha za ubongo kabla na baada. Ndani ya ubongo kuna nyuzi zinazopeleka taarifa kutoka eneo moja hadi jingine. Upande wa kushoto, pale nyuzi hizo zilipokuwa dhaifu, ziliimarika. Wenzao ambao hawakupewa mafunzo hayo hawakuonyesha badiliko. Mwaka 2018 watafiti wa Seattle nao waliona nyuzi za watoto zikibadilika ndani ya wiki chache tu za mafunzo ya likizo: saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki nane.

Saa nne! Nani anazo? Mimi sina, na mama anayeuza vitumbua alfajiri hana. Ninachochukua hapo ni kwamba kazi ifanyike karibu kila siku, tena ianzie kwenye sauti za herufi. Nusu saa jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, naiamini kuliko Jumamosi nzima ya kelele.

Kiswahili chetu kinasomeka kama kinavyoandikwa, na hapo ndipo disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na uvivu wala ukosefu wa akili, hujificha. Mtoto anafika mwisho wa sentensi, lakini kwa kujikokota, ki-ta-bu cha m-ja-, na akifika mwisho mwanzo umeshapotea. Wengine wanakariri ukurasa mzima. Funika picha, mwanzishe katikati ya mstari, utajua.

Kijana mmoja alikuwa akikuta "baba analima" anasoma "dada analima", anasonga mbele bila wasiwasi, kwa sababu sentensi bado ina maana. Kumwambia "angalia vizuri" hakukusaidia hata kidogo. Alikuwa anaangalia sana. Tuliiweka d kando kabisa. Tukabaki na b: anaichora kwa kidole kwenye sinia la unga huku akitoa sauti yake, na kioo kidogo mbele aone midomo inavyokutana. Kisha ba, bi, bata, bibi, buibui. Ilipokaa sawasawa ndipo d ikarudi, naye akaonyeshwa kwamba safari hii midomo haikutani, ni ulimi unaogusa nyuma ya meno. Wiki za mwanzo zinachosha, sikufichi. Mama yake alikuwa ananiuliza kila Ijumaa, "Mwalimu, bado tu b?" Bado tu b, mama.

Michezo ya sauti haihitaji hata daftari. Mkiwa kwenye daladala mwulize: ukitoa "ka" kwenye "kalamu" kinabaki nini? Mkipiga kofi moja kwa kila silabi, neno "samaki" lina makofi mangapi?

Kama anasoma shule ya Kiingereza, ushauri wangu, na najua wengine watanipinga, ni kukiimarisha kwanza Kiswahili. Tahajia ya Kiingereza inamtesa hata asiye na tatizo. Kabla ya yote, apimwe macho na masikio hospitali, maana wapo wanaoitwa wazito kumbe hawaoni ubao.

Fimbo weka mbali. Akianza kulia, funga kitabu kwa siku hiyo, umsomee wewe hadithi anayoipenda. Kesho mnaendelea mlipoishia.