LDL imeshuka, niache vidonge?

SWALI: Natumia atorvastatini miligramu 20 kila usiku. Baada ya miezi mitatu LDL (kolesteroli mbaya) imeshuka kutoka 4.6 hadi 2.7. Je, niache sasa? Pia mapaja yananiuma, na sijui kama ni dawa au ni kazi.

JIBU: Tafadhali usiache. Majibu hayo mazuri yameletwa na dawa yenyewe. Kolesteroli nyingi hutengenezwa na ini, si chakula peke yake, na statini, kundi la dawa lenye atorvastatini yako, huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kuitengeneza. Ini likipungukiwa, huongeza vipokezi vya kunasa LDL kutoka kwenye damu. Ukiacha vidonge, ini hurudia mwendo wake, na ndani ya wiki chache LDL hupanda tena. Hii si dozi ya kumaliza kama ya antibiotiki.

Kuhusu mapaja, angalia yanavyouma. Maumivu ya statini kwa kawaida hushika pande zote mbili, kwenye misuli mikubwa ya mapaja, makalio au mabega, na huanza wiki chache baada ya kuanza dawa au kuongezewa dozi. Paja moja linalouma baada ya kubeba mzigo huenda ni uchovu tu. Mwambie daktari apime CK (kimeng'enya cha misuli) katika damu, kwani hupanda misuli inapoharibika. Lakini ukiishiwa nguvu miguuni, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo: misuli ikivunjika kwa wingi huumiza figo.

CK ikiwa sawa, daktari anaweza kukushushia dozi hadi miligramu 10, au kukubadilishia statini. Usihofu kushushiwa: kuongeza dozi maradufu hupunguza LDL kwa takriban asilimia 6 tu zaidi, kwa hiyo nusu ya dozi bado hufanya sehemu kubwa ya kazi.

Atorvastatini hudumu mwilini, hivyo inywe saa yoyote, mradi iwe ileile kila siku. Simvastatini ndiyo ya jioni. Ukisahau hadi kesho yake, endelea na kidonge kimoja, usimeze viwili.

Ukiandikiwa klarithromaisini au dawa ya fangasi ya kumeza, taja statini yako kabla ya kupokea dawa. Baadhi ya dawa hizo huzuia ini kuivunja statini, ikalimbikizana kwenye damu, na hapo ndipo misuli huumia. Juisi nyingi ya balungi nayo huongeza statini hii mwilini.