Rikoli ya eabegi: usisaini kadi moja na sevisi

Mleta uzi, simama hapo hapo. Weka kalamu chini. Kama hiyo kadi ya kazi, ile karatasi ya gereji inayoorodhesha gari lifanyiwe nini, hujaisaini, usiisaini. Kama umeshasaini na gari bado halijapandishwa kwenye jeki, mpigie wakala simu sasa hivi.

Umesema umepata barua ya rikoli, kiwanda kinaliita gari lako likabadilishwe bure inflata ya eabegi, kile kikopo cha chuma chenye baruti kinachojaza mfuko wa hewa siku ya ajali. Ukaenda kwa wakala, mtu wa mapokezi akakwambia: lete tu, tutaliunganisha na sevisi kubwa, ila kwanza ulipie kupima kwa mashine kwa sababu historia yako ya sevisi haipo kwetu. Halafu ukauliza itachukua muda gani, kama watakupa gari la kutumia, na kama rikoli inashusha bei ukija kuuza. Hayo mengine yasubiri. Hiyo kadi ya pamoja ndiyo itakayokula hela yako, na bomu utabaki nalo usukanini.

Kwanza, rikoli ya usalama haina habari na historia ya sevisi. Haijali wewe ni mmiliki wa kwanza au wa tano, wala oili ulimwagia kwa fundi gani. Anayekudai historia anachanganya rikoli na waranti, ama kwa kutojua au kwa makusudi. Waranti ndiyo yenye masharti ya sevisi, kilomita na miaka. Rikoli ni kiwanda kimekiri kwamba kimekosea, na bili ni yake. Marekani kwa mfano, sheria inambana mtengenezaji arekebishe bure kama tangazo la rikoli limetoka kabla gari halijapitisha miaka 15 tangu liuzwe mara ya kwanza, na hakuna mstari unaouliza oili ulibadilisha lini.

Jua pia wakala analipwaje, utaelewa kwa nini unavutwa upande huo. Kazi ya rikoli anaifanya kwa niaba ya kiwanda, kisha anapeleka madai: namba ya chasisi, namba ya kampeni (yaani namba ambayo kiwanda kimeipa rikoli hiyo), spea iliyotumika, na muda wa kazi ambao kiwanda kimeshaupanga chenyewe. Hapangi bei. Kwake hiyo ni kazi isiyo na nyama. Nyama iko kwenye sevisi kubwa, kwenye kupima, na kwenye yale "mapendekezo" yanayoota usiku kama uyoga.

Sasa tazama kadi ya mchanganyiko inavyokumaliza. Mstari wa kwanza: sevisi kubwa. Wa pili: kupima kwa mashine. Chini kabisa, kwa mwandiko wa kuku: "angalia eabegi, rikoli". Hebu soma tena hilo neno. Angalia. Fundi aliye chini ya gari hajaiona barua yako, anasoma kadi. Kadi ikisema angalia, ataangalia. Atachomeka mashine, hataona msimbo wowote wa hitilafu, atatia tiki na kuendelea na breki.

Na hapo ndipo mtego wenyewe ulipo, maana inflata mbovu haitoi msimbo. Kompyuta ya eabegi inapima umeme tu: waya zimeunganika, ukinzani uko ndani ya kiwango, imeridhika. Haina namna ya kuchungulia ndani ya kikopo cha chuma ikajua baruti iko katika hali gani. Inflata za Takata, kampuni ya Japani iliyokuwa inatengeneza eabegi, ndivyo zilivyowaponza watu. Ndani kulikuwa na nitrati ya amonia, na nyingi hazikuwa na kikausha-unyevu. Ikikaa miaka kwenye joto na unyevu unaopanda na kushuka, inaharibika, halafu siku ya ajali inawaka kwa kasi kuliko ilivyopangwa, kikopo kinapasuka, na vipande vya chuma vinamrukia aliyekaa mbele yake. Marekani peke yake inflata karibu milioni 67 ziliingia kwenye rikoli hiyo. Muda wote huo taa ya dashibodi inaweza kuwa imezimika kistaarabu kabisa. Kwa hiyo mtu akikwambia "tumepima, eabegi iko poa", amekwambia waya ziko poa. Basi.

Tiki ikirudi mapokezi, moja kati ya mawili hutokea. Ama kampeni inabaki wazi na wewe unaondoka ukiamini imeisha, ama karani anaifunga kimakosa pamoja na mistari mingine. Ikibaki wazi una bahati, siku ukiangalia utaiona. Ikifungwa bila spea kubadilishwa, kila utakayemuuliza atakwambia gari lako halina deni, na utabaki unabishana na kompyuta.

Hela nayo inaliwa kwa njia yake. Saini yako kwenye kadi yenye kazi za kulipia imeshafungua mlango, na kinachofuata ni simu ya saa nane mchana: "tumeona bushi zimeanza kuchoka, tumeona mkanda wa injini una nyufa, tufanye kabisa maana gari liko wazi?" Gari liko wazi, na wewe huna usafiri. Unasema ndiyo. Mimi yaliponikuta haya nilitoka na waipa mpya, oili safi kama asali, kichujio cha hewa kinachonukia dukani, na inflata ileile niliyoingia nayo. Gari lilioshwa lakini, siwezi kuwadhulumu.

Na yule bwana wa mapokezi mwenye tai fupi aliyekuwa ananiambia "mzee wangu, ni utaratibu wa mfumo". Mfumo gani? Ulikuwa mfumo wa mfuko wangu. Hakuna mfumo wa kiwanda unaozuia rikoli mpaka ununue sevisi. Akikwambia upo, muombe akuandikie hivyo kwa baruapepe, kwa jina lake na namba ya chasisi ya gari lako. Utaona mfumo unavyolegea.

Kwa hiyo, mkuu, rikoli iwe na kadi yake peke yake. Iwe na namba ya kampeni kama ilivyo kwenye barua, kitenzi kiwe "badili" na si "angalia", na sehemu ya malipo ya mteja isomeke sifuri kabla hujasaini. Sevisi ukitaka, fungua kadi nyingine, hata siku nyingine.

Kabla ya kwenda, piga simu ukiwa na namba ya chasisi mkononi. Utaikuta kwenye kadi ya gari, kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, au pembeni chini ya kioo cha mbele. Magari mengi ina herufi na tarakimu 17, na humo hazitumiki I, O wala Q. Ukidhani umeona O, hiyo ni sifuri. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani lina namba fupi yenye kistari katikati. Ukiiingiza kwenye ukurasa wa soko lingine utaambiwa haipo, na hiyo haimaanishi gari ni salama. Ihakiki kwa mtengenezaji upande wa Japani, au wakala wa chapa hiyo akuhakikie.

Kwenye simu usiseme "nina rikoli ya eabegi". Sema: "Nisomee kampeni zote zilizo wazi kwenye namba hii ya chasisi." Zote. Eabegi ya dereva na ya abiria mara nyingi ni kampeni mbili zenye namba mbili, kila moja na spea yake. Watu wanabadilishiwa ya usukani wanashangilia, na mke au mtoto anaendelea kukaa mbele ya ile nyingine. Halafu kuna magari yaliyobadilishiwa inflata za Takata kwa nyingine za aina ileile kama suluhisho la muda, yakaitwa tena baadaye. Kwa hiyo ukinunua gari la mtu na stakabadhi inasema "ilibadilishwa", isome tarehe na namba ya kampeni, usisome neno tu.

Swali la pili kwenye simu: spea ipo dukani, au imeagizwa kwa namba ya chasisi yangu? Barua ya kwanza wakati mwingine ni ya kukujulisha tu, dawa bado haijafika, na barua ya pili ndiyo inayokuita. Ukiburuza gari pale spea haipo, utapewa chai na, umekisia, sevisi kubwa.

Nisiwe mnafiki, kuna vitu wakala anaweza kukudai kihalali. Kama usukani umewekwa wa mtaani, kama eabegi ilishawahi kulipuka na kuzibwa kwa ujanja, au taa ya eabegi inawaka kwa sababu nyingine kabisa, mfano ile tepe ya waya inayozunguka nyuma ya usukani imekatika, hilo si deni la kiwanda. Kadi ya rikoli iandikwe kwamba taa ilikuwa inawaka gari linaingia, na hilo tatizo liende kwenye kadi yake. Usikubali ligeuzwe kisingizio cha kutobadilisha inflata.

Kazi yenyewe fupi. Fundi anatoa waya hasi wa betri, anasubiri dakika chache umeme uliobaki kwenye kompyuta ya eabegi uishe, anafungua moduli ya usukani kwa skrubu au klipu za nyuma, anachomoa soketi za njano, anabadilisha inflata au moduli nzima, anarudisha, anapima. Upande wa dereva wengi wanamaliza ndani ya saa moja. Wa abiria unaweza kuhitaji kufungua dashibodi, huo ni mrefu zaidi. Kwa kuwa betri inatolewa, nenda na namba ya siri ya redio kama redio yako inaidai, na ujue saa na vioo vya umeme vinaweza kuhitaji kupangwa upya. Usije ukaanza kugombana nao kwa hilo, utapoteza nguvu bure.

Siku ya kuchukua gari, kabla ya kupokea ufunguo, ombeni mkaone pamoja. Washa swichi bila kupiga injini: taa ya eabegi iwake sekunde chache, kisha izime. Ikibaki inawaka, au isipowaka kabisa, usiondoke. Kisha dai stakabadhi yenye namba ya chasisi, kilomita za kuingia na kutoka, namba ya kampeni, namba ya spea mpya, na sifuri upande wako. Inflata ya zamani hawatakupa, kiwanda kinaitaka irudi, lakini omba uipige picha pamoja na kibandiko chake.

Namba ya spea nayo isikulevye peke yake. General Motors waliwahi kurekebisha swichi ya kuwashia gari mwaka 2006 bila kubadilisha namba ya spea, nzima na mbovu zikawa na jina moja. Rikoli ya 2014 ilipokuja, ikabidi waite hata magari mapya zaidi kwa hofu kwamba yalipofanyiwa matengenezo yaliwekewa swichi za zamani. Ndiyo maana nang'ang'ania kampeni, tarehe na spea kwenye karatasi moja.

Baada ya siku chache ingiza tena namba ya chasisi kwenye ukurasa wa mtengenezaji. Kampeni iwe imetoweka au inasema imekamilika. Kama bado iko wazi, rudi na hiyo karatasi. Ukiwa na kadi ya mchanganyiko, hapa ndipo utakapoanza kuomba msamaha kwa kosa la mtu mwingine.

Na mnaomwambia hapo juu "mpe fundi wa mtaani atoe fyuzi ya eabegi, yaishe", acheni. Hapo mmetoa kinga ya siku ya ajali bila kutengeneza kitu. Wa kumuuzia eabegi ya gari lililokatwa ndio kabisa: hiyo inaweza kuwa imetoka kwenye toleo lilelile lililoitwa, na hakuna atakayeipimia baruti.

Barua ikisema usiendeshe gari, usiliendeshe. Waulize wakala au kiwanda kama watalivuta, mara nyingi kwenye onyo kama hilo wanagharamia. Isiposema hivyo na shida iko upande wa abiria tu, watu wakae nyuma mpaka ibadilishwe.

Gari la kutumia uliliuliza, eeh: liombe siku unapoweka miadi, si asubuhi umeshafika. Kuuza sijafika huko, mkono umechoka. Niambie kwanza, barua yako ina namba ngapi za kampeni, moja au mbili? Ziandike hapa, ila namba ya chasisi usiianike.