Shangazi wa Palma ni jukumu la nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Shangazi yangu alikimbia Palma, Msumbiji, waasi walipoingia Machi 2021. Yuko kambini Metuge, na nyumba na kitambulisho viliungua. Anaambiwa arudi kwao. Nani anawajibika kwake?
Mwajuma, Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni Serikali ya Msumbiji. Mashirika ya misaada husaidia tu. Angevuka mto Ruvuma kuingia Tanzania angekuwa mkimbizi, na Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1969 unakataza kumrudisha mtu kwenye hatari. Hakuvuka, kwa hiyo yumo katika Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 1998 kuhusu wakimbizi wa ndani. Huo hauna meno ya sheria, lakini unaeleweka: kurudi ni kwa hiari yake. Serikali imsaidie kupata mali yake, ikishindikana alipwe fidia. Kwamba waliochoma ni waasi si kisingizio.

Kitambulisho ndicho cha kuanza nacho. Apewe kingine hapo hapo alipo; maofisa hawaruhusiwi kumwambia akifuate Palma. Halafu aandike minazi yake, mipaka ya kiwanja na majirani walioijua, wangali hai na kumbukumbu zao hazijachanganyika.