Maktaba imelipia, mbona wanafunzi wanadaiwa?

Swali: Nimeweka viungo vya makala za maktaba katika kozi yangu ya Moodle, jukwaa letu la kufundishia mtandaoni. Mimi nikiwa ofisini vinafunguka, lakini wanafunzi walioko nyumbani wanaambiwa walipie. Mwenzangu amenishauri nipakue PDF zote na kuzipandisha kwenye kozi. Je, nifuate ushauri huo?

Jibu: Usiufuate. Ofisini makala hufunguka kwa sababu mchapishaji anaitambua anwani ya mtandao wa chuo, wala si kwa sababu umeingia Moodle. Mwanafunzi aliye nyumbani hana anwani hiyo, na nywila yake ya Moodle haimjulishi mchapishaji lolote. Ondoa anwani ulizonakili juu ya kivinjari, ambazo mara nyingi hubeba alama za kipindi chako cha matumizi zisizodumu, uweke kiungo cha kudumu, hasa cha DOI (kitambulisho cha kudumu cha makala), kikitanguliwa na anwani ya seva wakala ya maktaba, kama vile EZproxy, ambayo humfikisha mwanafunzi kwa mchapishaji kupitia anwani ya chuo. Ikiwa chuo chenu kinatumia OpenAthens, mfumo wa kuingia kwa akaunti ya chuo, mkutubi atakupa muundo wake. Kisha kijaribu kwa simu isiyo kwenye mtandao wa chuo.

Hilo la PDF ndilo linalonichosha, maana kila muhula huletwa kama uvumbuzi. Leseni inayoruhusu kusoma haimaanishi kwamba inaruhusu kusambaza nakala. Makala ikisahihishwa au kuondolewa na jarida, nakala yako hubaki na kosa lilelile. Zaidi ya hayo, usomaji wa nakala hiyo hauingii katika takwimu za COUNTER, yaani kiwango cha kuhesabu matumizi ya majarida ya mtandaoni, kwa hiyo jarida linalosomwa na darasa zima huonekana halina msomaji, na bajeti ikibana ndilo hukatwa kwanza.

Jihadharini pia na mafundi wanaouza programu-jalizi ya “kuunganisha kila kitu”. Kiwango cha LTI 1.3 cha kuunganisha Moodle na programu nyingine, kilichotoka mwaka 2019, hulijulisha jukwaa la orodha za usomaji mtumiaji ni nani na yuko kozi gani. Hakimpi haki ya kufungua makala ambayo maktaba haikuilipia, na fundi asiyetaka kuketi na mkutubi kabla ya kusakinisha hajui anachokiunganisha. Wabaya zaidi ni wanaogawa nywila moja ya maktaba kwa darasa zima: mchapishaji akiona akaunti moja inapakua makala kwa mamia, anaweza kuifungia seva wakala yenyewe, na chuo kizima kikakosa huduma hadi maktaba itoe maelezo.